Ufunguo ni wa nani? Kisa cha neno la siri, kutoka MIT hadi jela ya San Francisco

Miaka kadhaa iliyopita, katika chumba kimoja cha habari hapa Dar, tulikaa hadi saa saba usiku tukimngoja mtu mmoja apokee simu. Habari zote zilikuwa zimehaririwa, kurasa zimepangwa, kiwanda kinapiga simu kila dakika kumi kuuliza kulikoni. Seva ilikuwa imezimika umeme ulipokatika, na ilipowaka ikadai neno la siri. Neno lenyewe lilikuwa kichwani mwa mtu mmoja tu, naye alikuwa amelala kwake Mbagala na simu kaizima. Maneno aliyoyasema mhariri wetu usiku ule siwezi kuyaandika hapa, mama yangu huwa anasoma.

Kesho yake kijana wa IT alipofika, kila mtu alikuwa na la kumwambia. Alisikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akauliza, taratibu kabisa: "Jamani, kuna hata mmoja wenu aliyewahi kupanda hadi ofisini kwangu siku ambayo hakuna kilichoharibika?" Hakuna aliyejibu. Niliona aibu kidogo, kwa sababu nilikuwa simjui hata jina la baba yake, na tulikuwa tumefanya kazi jengo moja miaka miwili.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za watu wa aina yake, hawa wanaotunza mitambo ambayo sisi wengine tunaitumia bila kuielewa. Nilidhani ugomvi wetu na wao ulianza na intaneti. Kumbe ni wa zamani sana, na karibu kila mara unazunguka jambo lile lile: ufunguo ni wa nani?

Turudi miaka ya 1950. Kompyuta lilikuwa dude la kujaza chumba kizima. Mtu mwenye hesabu zake alitoboa kadi, akazipanga, akazipeleka dirishani. Ndani walikuwamo waendeshaji, na wao tu ndio walioruhusiwa kuigusa mashine. Unakabidhi kadi zako, unaondoka, unarudi baada ya saa kadhaa au hata kesho yake kuchukua majibu. Kama umekosea alama moja tu, unaanza upya na foleni ni ile ile. Pale chuo cha MIT, Marekani, vijana wapenda mashine waliwaita waendeshaji hao makuhani. Sidhani kama walikuwa wanawasifu.

Mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake hapo hapo MIT wakaonyesha mfumo ulioitwa CTSS. Uliwezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kwenye mashine yake ya kuchapa. Lakini watu wakishakuwa wengi ndani ya nyumba moja, kila mmoja atataka chumba chake. Kila mtumiaji alikuwa na mafaili yake, tena alikuwa na mgao wake wa muda. Ndipo likawekwa neno la siri, na Corbató ndiye anayetajwa kila mara kama mtu aliyelileta kwenye kompyuta. Angalia vizuri hapo. Kufuli hili halikuwekwa kwa ajili ya majasusi wa Urusi. Liliwekwa baina ya wafanyakazi wenza, ili fulani asile mgao wa fulani.

Na halikudumu hata kidogo. Mwaka 1962 mwanafunzi wa udaktari aitwaye Allan Scherr alikuwa na mgao wa saa nne kwa wiki, na kazi yake ilihitaji zaidi. Akagundua kwamba mtu aweza kuomba faili lolote lichapishwe kwa kupeleka kadi tu yenye jina la faili. Ijumaa usiku akapeleka kadi akiomba faili la maneno ya siri ya watu wote. Jumamosi asubuhi akaenda kwenye kabati la karatasi zilizochapishwa, akachukua orodha yake kama mtu anayechukua gazeti. Aliwagawia na wenzake wachache ili lawama zisimwangukie yeye peke yake. Ilipita robo karne kabla hajakiri. Kwa hiyo wizi wa neno la siri ni karibu rika moja na neno la siri lenyewe, na mwizi wa kwanza tunayemjua alikuwa mtu wa ndani aliyetaka kumaliza kazi yake tu.

Miaka michache baadaye mambo yakageuka, wakakosea wasimamizi wenyewe. Mmoja alikuwa anahariri tangazo la siku, lile linalotokea mtu akiingia kwenye mfumo. Mwingine alikuwa anahariri faili la maneno ya siri. Programu ya kuhariria haikutarajia kwamba watu wawili wangefanya kazi kwenye saraka moja kwa wakati mmoja, ikayachanganya mafaili yao ya muda. Alasiri hiyo kila aliyeingia kwenye CTSS alisalimiwa na orodha nzima ya maneno ya siri ya watu wote. Corbató mwenyewe alikisimulia kisa hiki alipotoa mhadhara wa Tuzo ya Turing aliyopewa mwaka 1990. Namheshimu kwa hilo. Mabosi wangapi unaowajua wangesimama siku ya kupewa tuzo na kusimulia aibu ya ofisi yao?

Si kila mtu pale aliona neno la siri kuwa kitu cha maana. Mwaka 1977 maabara ya kompyuta ya MIT ilipoweka mfumo mpya wa maneno ya siri, Richard Stallman, ambaye baadaye angeanzisha vuguvugu la programu huru, alipata njia ya kuyafumbua. Akawaandikia watumiaji: naona neno lako la siri ni hili, nakushauri uliache wazi, ubonyeze tu kitufe cha kuingiza. Kiasi cha mtu mmoja kati ya watano walifuata ushauri wake. Kwa Stallman kila kufuli lilimpa mtu mmoja mamlaka juu ya wengine, na mwenye mamlaka ni yule anayezishika funguo. Mimi sikubaliani naye moja kwa moja (ningependa barua zangu zibaki zangu), lakini hapo kwenye mamlaka alikuwa ameona mbali.

Sisi Watanzania tuna sura yetu katika habari hii, ingawa kwetu ufunguo ulikuwa ujuzi wenyewe. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na hadi 1974 zilikuwa saba tu nchi nzima. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine, mambo yalivurugika hadi Hazina ikalazimika kurudi kwenye hesabu za mkono. Wataalamu wengi walikuwa wageni. Wahasibu waliokuwa wakiijua kazi yao vizuri sana kwa kalamu na vitabu walijikuta wanangoja majibu kutoka kwenye chumba wasichokielewa, na chumba kikishindwa hawakuwa na namna ya kukirekebisha. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, na tumezoea kuicheka kama ushamba wa enzi za Ujamaa. Mimi sicheki sana. Ukiwa na mtambo ambao aliyeuleta tu ndiye anaujua, siku akiondoka unabaki na nini?

Swali hilo hilo liliukuta mji wa San Francisco mwaka 2008, na huko ndiko kwenye simulizi lenyewe.

Terry Childs alikuwa mhandisi wa mitandao katika idara ya mawasiliano ya mji huo. Kazi yake kubwa ilikuwa mtandao ulioitwa FiberWAN, uliounganisha ofisi za mji na kubeba kiasi cha asilimia 60 ya data zake: mishahara, barua pepe, kumbukumbu za polisi na za magereza. Alikuwa na cheti cha CCIE cha kampuni ya Cisco, ambacho wataalamu wa mitandao wanakiheshimu kama sisi tunavyomheshimu aliyefaulu mtihani wa uwakili. Aliujenga mtandao ule, akaulea, akaamka usiku kwa ajili yake. Na taratibu, bila mtu kuandika popote kwamba iwe hivyo, akawa mtu pekee mwenye maneno ya siri ya vifaa vyake.

Hapa kuna jambo ambalo mtu asiye fundi anaweza kulipita. Kifaa cha mtandao huwa kinahifadhi maelekezo yake kwenye kumbukumbu ya kudumu, ili umeme ukikatika na kurudi kiendelee na kazi. Baadhi ya vifaa vya FiberWAN havikuwekwa hivyo. Maelekezo yalikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, kwa hiyo kifaa kikizimwa, yanafutika. Ukimsikiliza Childs, huo ni ulinzi: mwizi akikigusa kifaa hapati kitu. Ukimsikiliza bosi, huo ni utekaji nyara: umeme ukikatika, mji mzima unamhitaji mtu mmoja. Ninavyoona mimi, inawezekana kabisa mtu akafanya jambo moja kwa sababu zote mbili na yeye mwenyewe asijue ipi imezidi.

Tarehe 9 Julai 2008 aliitwa kwenye mkutano katika jengo la polisi na mahakama. Walikuwapo wakubwa wa idara, mtu wa utumishi, askari polisi, na watu wengine wakisikiliza kwa simu ya mezani. Akaambiwa anahamishwa kazi. Halafu akaambiwa ayataje maneno ya siri. Hebu jiweke kwenye kiti kile. Umefundishwa miaka yote kwamba neno la siri halisemwi mbele za watu, na leo unaambiwa ulitamke mbele ya chumba kizima na sauti usizozijua kwenye simu. Upande wa pili, hawa ndio waajiri wako na mtandao ni mali ya wananchi. Childs alitaja maneno ambayo hayakufungua kitu. Wikiendi ya tarehe 12 na 13 Julai akakamatwa, na dhamana yake ikawekwa dola milioni 5. Washitakiwa wa mauaji hupangiwa dhamana ndogo kuliko hiyo.

Kilichowachanganya wengi ni kwamba mtandao haukuzimika hata dakika moja. Mishahara ililipwa, barua zilikwenda. Wakubwa walikuwa wamefungiwa nje ya nyumba ambayo ndani yake taa zinawaka na chakula kinaiva. Wataalamu wa kuajiriwa waliletwa, wakahangaika.

Tarehe 21 Julai wakili wake akamwalika Meya Gavin Newsom, yule aliyekuja kuwa gavana wa California mwaka 2019. Meya alikwenda jela, wakakaa, Childs akampa maneno ya siri, na yalifanya kazi. Alisema meya ndiye mtu pekee aliyemwamini. Nimeisoma sehemu hii mara nyingi na kila mara nashangaa. Ngazi zote za katikati, meneja, mkurugenzi, utumishi, zilikuwa zimekufa kwa mtu huyu. Ilibidi mji mzima umlete mtu wa juu kabisa ili mazungumzo yawezekane.

Siku nne baadaye, Ijumaa ya tarehe 25 Julai, ilikuwa siku ya kuwashukuru wasimamizi wa mifumo. Ipo kweli, jamani. Ilianzishwa mwaka 2000 na Ted Kekatos wa Chicago baada ya kuona tangazo la kampuni ya HP lililoonyesha wafanyakazi wamepanga foleni kumpelekea fundi wao maua na vikapu vya matunda kwa sababu ya printa mpya. Huadhimishwa Ijumaa ya mwisho ya Julai. Childs aliipitishia jela.

Mashitaka matatu kati ya manne, yaliyohusu modemu, hakimu aliyafuta mwaka 2009. Lilibaki moja: kwamba aliwanyima watumiaji halali huduma ya mtandao. Aprili 2010 jopo la wananchi likamwona ana hatia, na Agosti akahukumiwa miaka minne. Mwaka 2011 akaamriwa kuulipa mji karibu dola milioni 1.5, na mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikaithibitisha hukumu.

Ndani ya lile jopo alikuwamo mhandisi wa mitandao mwenye cheti cha CCIE, kile kile cha Childs. Mtu ungedhani angemtetea mwenzake. Baada ya kesi aliwaeleza waandishi kwamba walijiuliza jambo la msingi: bosi ni mtumiaji halali wa mtandao au siyo? Wakaona ni halali, na aliyeombwa alijua hivyo. Lakini hakuwasafisha wakubwa. Alisema uongozi nao ulikosea, uliacha hali ikue mpaka ikafika pale. Nadhani hakuna mtu aliyeielewa kesi ile kuliko yeye, na yeye alimtia hatiani.

Kule kwetu, baada ya usiku ule wa kurasa, mhariri aliagiza neno la siri liandikwe kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha, bahasha ifungiwe kwenye kasha la mhasibu. Kijana wa IT alinuna siku tatu, akaliandika. Mimi nikaanza kupanda ofisini kwake saa nne asubuhi na vikombe viwili vya chai, mwanzoni kwa aibu tu. Miezi michache baadaye seva ikagoma tena, tukaifungua bahasha kwa fahari. Neno lililokuwamo lilikuwa limeshabadilishwa. Safari hii, lakini, nilikuwa na namba ya simu ya mke wake.