Kubadili, Kuhamisha au Kupandikiza? Juu ya Istilahi za Injini za Pikipiki

Fundi wa pikipiki wa Kahama au Katoro akisema kwamba "amebadili injini", kauli yake yaweza kufahamika kwa njia tatu. Huenda ametoa injini iliyochakaa akafunga nyingine mpya ya aina ile ile. Huenda ametoa injini ya pikipiki moja akaifunga katika pikipiki nyingine iliyoundwa na kiwanda kingine. Tena huenda, akisikilizwa na askari mwenye shaka, amefuta namba iliyochongwa katika injini na kuchonga nyingine, tendo ambalo ni jinai. Mambo haya matatu hayana undugu wowote ila kile kitenzi kimoja.

Hapo zamani kasoro hii haikuwa na madhara makubwa. Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya 1973, iliandikwa kwa Kiingereza, na kesi zilizotokana nayo ziliandikwa kwa lugha hiyo hata kama shahidi alijieleza kwa Kiswahili. Lakini mwaka 1921 si mwaka 2021. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yameifanya lugha ya taifa kuwa lugha ya mahakama, na kwa hiyo neno la gereji sasa linaingia katika hukumu bila ya kupitia kwa mkalimani. Kadi ya pikipiki huonyesha namba ya injini na namba ya chesisi. Namba hizo zisipopatana na chombo chenyewe, uhuru wa mwenye chombo waweza kutegemea maana ya neno kubadili. Hapana budi basi tulichunguze neno hili pamoja na wenzake.

Yafaa tukumbuke kwamba lugha yetu yenyewe imezoea kutoa kitu katika chombo kimoja na kukifunga katika kingine. Motokaa zilipofika katika nchi zetu, Waswahili hawakuanza msamiati wa safari upya. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari. Nauli ililipwa baharini kabla ya barabarani. Rubani aliongoza meli bandarini kabla ya kuruka angani. Neno gari lenyewe lilitoka India likiwa na maana ya chombo cha magurudumu, na likapokea injini bila ya kubadili jina. Kwa upande wa vipuri hali ilikuwa nyingine. Breki, gia, klachi, kabureta, pistoni na silinda viliingia pamoja na majina yake ya Kiingereza, yakanyooshwa kwa irabu zetu, na hakuna fundi aliyesubiri kamati. Pikipiki ilipata jina lake kwa mlio. Bajaji ni jina la kiwanda lililogeuka kuwa jina la chombo. Bodaboda ilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960 kama jina la baiskeli za abiria, kisha ikahamia kwa pikipiki.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lilirithi desturi ya kutafuta istilahi kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na mwisho katika lugha za kigeni. Desturi hiyo imetupa maneno mazuri. Ikulu, kwa mfano, ni neno la Wasukuma na Wanyamwezi. Hata hivyo desturi hiyo haisemi wazi tufanye nini pale ambapo watu wa kazi wameshatangulia, wakawa na neno lao ambalo ni la Kiswahili kamili lakini halimo katika orodha yoyote.

Hali hiyo inaonekana dhahiri katika ukanda wa dhahabu. Mgodi wa Geita ulichimbwa kati ya mwaka 1936 na 1966, ukafunguliwa tena na kampuni kubwa mwaka 2000. Huko Mwadui, karibu na Shinyanga, almasi iligunduliwa mwaka 1940. Pembeni mwa migodi hiyo wachimbaji wadogo wamejijengea msamiati wao. Shimo la dhahabu ni duara, hata kama halina umbo la duara. Mahali pa kuoshea ni mwalo. Mchanga uliokwisha kupitishwa ni marudio. Mashine ya kusagia mawe ni karasha. Neno makinikia lilijulikana na wachache mpaka mwaka 2017, Serikali ilipozuia mchanga huo wa madini usipelekwe nje; tangu hapo halikuhitaji kufafanuliwa na gazeti lolote. Katika mazingira hayo injini haihesabiwi kuwa mali ya chombo kimoja. Injini ya dizeli inayozungusha karasha kwa mkanda yaweza kuzungusha kinu cha mahindi au bomba la maji, na mwenyewe hufikiri juu ya injini kama mkulima afikirivyo juu ya ng'ombe wa kukokota: leo plau, kesho mkokoteni.

Pikipiki zimeingia katika fikra hiyo kwa sababu ya kiufundi ambayo mtaalamu wa istilahi yampasa aifahamu. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki ya CG125, iliyokusudiwa nchi ambako matengenezo ni haba. Badala ya mnyororo wa ndani wa kuendeshea valvu, injini hiyo ilitumia fito za kusukuma, ambazo huvumilia uzembe zaidi. Viwanda vingi vya China viliiga umbo lake, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoenea Tanzania katika miaka ya 2000 zilikuwa na injini za ukoo huo. Kwa kuwa mara nyingi matundu ya boliti za kufungia yanafanana, injini ya pikipiki moja huingia katika nyingine ya jina jingine kabisa. Injini za Kihindi za Boxer au TVS hazimo katika ukoo huo, na anayetaka kuzichanganya hana budi kukata na kuchomelea.

Ubavuni mwa injini za Kichina huchongwa alama kama 156FMI au 162FMJ. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda. Mbili zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita. Herufi ya mwisho ni daraja la ujazo. Mwendo wa pistoni katika zote mbili ni milimita 49.5, na tofauti ni upana tu: 56.5 hutoa sentimita za ujazo 124, na 62 hutoa 149. Fundi aweza basi kuacha injini mahali pake, akaondoa silinda na pistoni, akatia kubwa zaidi, pengine baada ya kupanua tundu linalopokea silinda. Namba ya injini inabaki ile ile na kadi haina kosa, lakini pikipiki si ile iliyoandikishwa. Tendo hili lastahili jina lake, na kuongeza ujazo lafaa. Kuliita kubadili injini ni kuficha jambo.

Mfano mashuhuri zaidi wa ufundi huu duniani ulitokea Uingereza. Mwaka 1950 kiwanda cha Norton kilianza kutumia katika mashindano kiunzi kilichobuniwa na ndugu wawili wa Belfast, Rex na Cromie McCandless, ambacho kilisifiwa kwa utulivu wake katika kona. Wakati huo waundaji wa magari madogo ya mashindano walizitamani injini za Norton, na kwa kuwa kiwanda hakikupenda kuziuza peke yake, walinunua pikipiki nzima, wakachukua injini na kuacha viunzi. Waendeshaji wa ridhaa waliviokota, wakafunga ndani yake injini za Triumph zenye silinda mbili. Chombo hicho kikaitwa Triton, nusu ya jina la Triumph na nusu ya Norton. Ilipofungwa injini ya Vincent, kikaitwa Norvin. Vijana hao waliunganisha majina kama walivyounganisha vyuma, nasi tunaijua njia hiyo, kwani chajio na chamcha vimeundwa vivyo hivyo. Pamoja na hayo sidhani kwamba inatufaa hapa. Triton ni jina la chombo kilichokamilika, nasi tunatafuta jina la tendo.

Wapo wanaopendekeza kupandikiza. Ni neno zuri la mkulima, na waganga wamelitumia vema: upandikizaji wa figo ulifanyika Muhimbili mwaka 2017 na kila mtu akauelewa. Lakini pandikizi ni pia mtu aliyetiwa kwa hila mahali asipostahili. Sioni kwa nini fundi mwaminifu asimame kizimbani akiwa amebeba neno lenye harufu hiyo. Kupachika ni la karibu zaidi, maana hutumika kwa mshale na uzi wa upinde, kitu kinachoingia mahali palipochongwa kukipokea. Kasoro yake ni kwamba halisemi injini imetoka wapi, na swali la askari ni hilo hasa.

Gereji tayari ina maneno mawili yasiyo na utata: kushusha injini, yaani kuitoa katika chombo, na kufunga injini, yaani kuiweka na kuikaza. Juu ya msingi huo napendekeza kuhamisha injini kwa tendo zima. Kitenzi hiki hudai pande mbili: mtu huhamisha kutoka mahali hadi mahali, na karani anayeandika "imehamishwa" atajikuta analazimika kutaja namba za vyombo vyote viwili. Pikipiki mbili zikipeana injini, sarufi yetu ina kauli yake tayari, kubadilishana injini, na kumbukumbu mbili zitahitaji kusahihishwa, si moja. Kubadili injini libaki kwa injini mpya ya aina ile ile. Kufuta au kuchonga upya namba kuitwe kughushi namba ya injini, ili neno la hatia lisikae nyumba moja na neno la kazi.

Limebaki lile linalopokea injini. Kadi husema chesisi, mafundi husema fremu. Kiunzi ni neno la waunda vyombo vya baharini, na kwa kuwa usukani na nauli vilikwisha kupanda gari, sioni kizuizi cha kiunzi kupanda pikipiki. Namba ya usajili hufuata kiunzi, si injini. Injini ikihama, pikipiki inabaki pale kilipo kiunzi chake.