Maazimio Yasiyotekelezwa: Timor Mashariki, Kuwait na Thamani ya Kura

Tarehe 7 Desemba 1975 majeshi ya Indonesia yaliingia Dili, mji mkuu wa Timor Mashariki, siku tisa tu baada ya chama cha Fretilin kutangaza uhuru wa nchi hiyo. Siku iliyotangulia, Rais Gerald Ford wa Marekani na waziri wake wa mambo ya nje, Henry Kissinger, walikuwa Jakarta. Rais Suharto wa Indonesia aliwadokeza nia yake, nao hawakumzuia.

Husemwa mara nyingi kwamba dunia ilinyamaza. Haikunyamaza. Tarehe 22 Desemba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa kauli moja azimio namba 384, likiitaka Indonesia iondoe majeshi yake bila kukawia. Linganisha na Kuwait: Iraq ilipoivamia nchi hiyo tarehe 2 Agosti 1990, azimio la kuilaani lilipita siku hiyohiyo. Vikwazo vikafuata siku nne baadaye, na kufikia Novemba idhini ya kutumia nguvu ilikuwa imetolewa. Upendeleo basi haukuwa katika kulaani, bali katika kutekeleza. Daniel Patrick Moynihan, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa wakati wa uvamizi wa Timor, alikiri katika kumbukumbu zake kwamba serikali yake ilitaka Umoja huo ushindwe kuchukua hatua yoyote, naye akaifanya kazi hiyo.

Wapo wanaoitetea tofauti hii kisheria: Kuwait ilikuwa dola mwanachama, Timor koloni ambalo Ureno ilikuwa imeshindwa kulisimamia. Hoja hiyo inaangushwa na azimio namba 384 lenyewe, lililotambua haki ya Watimor kujiamulia mambo yao.

Lakini siwaungi mkono wanaohitimisha kwamba, kwa kuwa wakubwa wanapendelea, kura za wanyonge ni kupoteza muda. Katika Baraza Kuu, Msumbiji, Angola na makoloni mengine ya zamani ya Ureno barani Afrika yaliipigania Timor mwaka baada ya mwaka. Uungaji mkono ulipungua kwa namna ya kuumiza: kura 72 za ndiyo mwaka 1975, kisha 50 dhidi ya 46 mwaka 1982, huku nchi 50 zikijizuia kupiga kura. Australia, jirani wa karibu, iliitambua Timor kuwa sehemu ya Indonesia, na mwaka 1989 ikatia saini mkataba wa kugawana mafuta ya bahari iliyo kati yao. Wakati huo wote watu walikufa; tume ya ukweli ya Timor ilikadiria vifo visivyopungua 102,800.

Hata hivyo, kura hizo chache zilitosha kuibakiza Timor katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya maeneo yasiyojitawala. Ndiyo maana, Suharto alipoanguka mwaka 1998, Ureno na Indonesia zilikuwa na mahali pa kisheria pa kukutania, na Umoja wa Mataifa ulikuwa na mamlaka ya kusimamia kura ya maoni ya tarehe 30 Agosti 1999. Asilimia 78.5 walichagua kujitenga. Lakini orodha peke yake haitoshi: Sahara Magharibi, iliyoingiliwa na Morocco mwaka huohuo wa 1975, ingali katika orodha hiyo, na kura ya maoni iliyoahidiwa watu wake mwaka 1991 haijapigwa.