Ua la Mnazi



Tutajapo divai, fikra zetu huenda Dodoma, ambako wamisionari walipanda mizabibu huko Bihawana katika miaka ya 1950. Kisiwani Mafia kinywaji cha nyumbani hutoka katika ua la mnazi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hulikata kwa kotama karara ambalo halijapasuka, na utomvu hudondoka kibuyuni. Ukiwa mbichi ni mtamu. Kabla ya siku kwisha umekwishachacha wenyewe.

Lakini karara lililogemwa halizai nazi, na hapo ndipo ilipo historia yake. Katika karne ya 19 Waarabu kutoka Omani walitandaza mashamba ya minazi kisiwani kwa jasho la watumwa. Wajerumani, waliokitawala tangu 1890 hadi Waingereza walipokiteka Januari 1915, nao walitaka mbata. Kwa mwenye shamba, tembo ni nazi iliyopotea. Nazi, hata hivyo, huchukua takribani mwaka mzima kukomaa, na tembo hupatikana leo. Twakiri kwamba twamwelewa mgema.

Altareni tembo haliingii, kwani Kanuni ya 924 yataka tunda la mzabibu. Hivyo misa ya Mafia, katikati ya minazi yote ile, hungoja divai ivuke bahari.