SAFU YA LUGHA: Pindo lipo, boda ya nini?

Ukipita kwa mafundi wanaounga mifarishi ya vipande vya vitenge, utasikia: "Hapa weka boda, kwenye kona tia pembetatu." Boda! Neno hilo la Kiingereza tumeshalipa kazi yake: mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, lilizaa bodaboda, kwanza za baiskeli, kisha za pikipiki. Libaki barabarani.

Ukanda unaozunguka nguo ni pindo. Limetokana na kitenzi pinda, kwa kuwa ukingo wa nguo hukunjwa na kushonwa usifumuke. Maana ikapanuka: kanga ina pindo pande zote nne, ingawa limechapwa tu wala hakuna aliyelipinda, katikati yake ni mji. Taraza ni jingine, lenye asili ya Kiarabu: ni ukanda wa nakshi uliofumwa au kutiwa pembezoni mwa nguo. Na ukingo ni mwisho wa kitu chochote, hata mto unao.

Halafu, jamani, vile vipande si viraka. Kiraka huziba tundu. Fundi anayelaza kimraba kwenye ncha ya ukanda, uso kwa uso, akashona mshazari kutoka pembe hadi pembe, akakata ziada ya nje kisha akakunjua pembetatu yake, ameziba nini? Hajaziba kitu, ameunga. Basi mafundi, semeni "unga vipande, zungushia pindo", na wateja watawaelewa.