Tarakimu ya London na Mafuta ya Ziwa Albert

Kila jioni, baada ya habari za vita na za mikutano ya wakubwa, redio za dunia husoma tarakimu moja itokayo London. Imepanda au imeshuka. Msomaji hutaja pointi zake na kupita. Askari aliye zamu Kaiso au Ntoroko huisikia kama asikiavyo hali ya hewa ya nchi ya mbali. Hata hivyo, kwa muda wa miaka saba na nusu, tangu Septemba 2007 hadi Machi 2015, tarakimu hiyo ilibeba ndani yake matumaini ya mafuta ya Ziwa Albert, ziwa lile lile ambalo askari huyo alikuwa akililinda.

Tarakimu yenyewe ni fahirisi ya soko la hisa la London, iitwayo FTSE 100. Hupima thamani ya hisa za makampuni 100 makubwa kabisa yanayouzwa sokoni humo, na kampuni kubwa huivuta kuliko ndogo. Ilianza tarehe 3 Januari 1984 ikiwa na pointi 1,000. Kabla yake ilikuwako fahirisi nyingine ya makampuni 30, iliyoanza tarehe 1 Julai 1935 kwa pointi 100.

Historia ya fahirisi hiyo ya kwanza yafaa kukumbukwa na watu wa silaha. Tarehe 26 Juni 1940, siku chache baada ya Ufaransa kutia sahihi mkataba wa kusalimu amri mbele ya Ujerumani, ilianguka hadi 49.4. Matajiri wa London waliona nusu ya mali yao imeyeyuka. Wakati huo vijana wa Uganda walikuwa wamekwisha vaa sare za King's African Rifles, na mbele yao kulikuwa na Uhabeshi, kisha Burma. Fahirisi ilipona, kufikia mwaka 1947 ilikuwa imeipita 100 kwa mbali. Baadhi ya vijana wale hawakurudi.

Anguko lililo baya zaidi halikuletwa na vita vya Ulaya. Mwezi Mei 1972 fahirisi hiyo ilikuwa imefika 543.6, tarehe 6 Januari 1975 ilikuwa 146.0. Karibu robo tatu ya thamani ilikuwa imepotea. Ni miaka ile ile ambayo serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia na kutwaa makampuni ya Waingereza, na palikuwa na watu Kampala waliopenda kuamini kwamba London inalia kwa sababu hiyo. La hasha. Kilichoiangusha London ni bei ya mafuta iliyopandishwa baada ya vita vya Oktoba 1973, mfumuko wa bei, mgomo wa wachimba makaa, na mabenki madogo yaliyokuwa yamekopesha ovyo katika majumba na viwanja. Maduka na mashamba ya Uganda yalikuwa chembe tu katika mizani ile. Aliyeumia kwa kutwaliwa kwake ni mnunuzi wa sukari na sabuni wa Kampala.

Fahirisi mpya nayo ina makovu yake. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 dhoruba iliangusha miti kusini mwa Uingereza, na madalali wengi hawakufika kazini siku hiyo ya Ijumaa. Jumatatu iliyofuata fahirisi ilishuka kwa karibu asilimia 11, na Jumanne kwa asilimia 12 nyingine. Tena, mwisho wa mwaka 1999 ilifika 6,930. Aliyenunua siku hiyo alingoja hadi Februari 2015 kuiona ikifunga juu ya hapo. Miaka kumi na mitano! Gawio alilipokea katikati, lakini bei za vitu nazo hazikulala.

Kuna jambo ambalo wasomaji wa habari hulitaja mara chache. Orodha ya makampuni hayo 100 hukaguliwa kila miezi mitatu. Lililodhoofika hutolewa, lililonenepa huingizwa. Kikosi kinachowaondoa wagonjwa wake kila robo mwaka na kuweka wazima mahali pao kitaonekana daima kina afya katika gwaride. Ndivyo fahirisi ilivyo, na kwa mlango huo Uganda iliingia.

Habari za mafuta ya Ziwa Albert ni za zamani. Mtaalamu wa miamba wa serikali ya kikoloni, E. J. Wayland, aliziandika mwaka 1925, na kisima cha Waki, karibu na Butiaba, kilichimbwa mwaka 1938. Vita vikaja, kazi ikalala. Mwaka 2004 kampuni ya Tullow, iliyoasisiwa Ireland, iliingia Uganda kwa kununua kampuni nyingine iliyokuwa na leseni. Mwaka 2006 mafuta yalipatikana kweli, na Juni 2007 Tullow na wenzake wakagundua mengine baharini mwa Ghana. Bei ya hisa zake ikapaa.

Lakini ziwani mambo hayakuwa ya karatasi. Tarehe 3 Agosti 2007 Mwingereza mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwa kampuni ya Heritage aliuawa katika mapambano ya risasi na askari wa Kongo, kwenye mpaka ambao nchi hizo mbili hazikukubaliana ulipopita. Tarehe 8 Septemba Marais Museveni na Kabila walitia sahihi mapatano huko Ngurdoto, Tanzania. Mwezi huo huo Tullow iliingizwa katika FTSE 100. Huko London ilikuwa habari ya ukurasa wa biashara. Huku ziwani doria iliendelea.

Mwaka 2012 Tullow iliuza theluthi mbili za sehemu yake ya Uganda kwa Total ya Ufaransa na CNOOC ya China, kwa dola milioni 2,900. Uganda ilidai kodi ya faida hiyo. Kampuni ilikataa, shauri likaenda katika baraza la rufaa za kodi la Kampala, na Juni 2015 pande mbili zilipatana kwa dola milioni 250. Kufikia hapo bei ya mafuta duniani ilikuwa imeanguka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa hadi karibu nusu yake, na Tullow ilikuwa imetolewa katika orodha tangu Machi. Mahali pake paliwekwa kampuni ya kutengeneza dawa. Tarehe 9 Desemba 2019 hisa za Tullow zilipoteza zaidi ya theluthi mbili ya thamani yake kwa siku moja. Fahirisi haikutikisika, kwa kuwa mgonjwa alikuwa amekwisha ondolewa gwarideni.

Mwaka 2020 kampuni hiyo iliuza theluthi iliyobaki kwa Total kwa dola milioni 575, pamoja na ahadi ya malipo zaidi iwapo bei ya mafuta ingepanda. Kwa kipimo cha mwaka 2012 theluthi hiyo ingekuwa na thamani ya dola milioni 1,450. Mafuta yaliyo chini ya mwamba hayakuwa yamechotwa. Kilichobadilika ni imani ya wanunuzi na haja ya muuzaji aliyebanwa na madeni. Kodi iliyopatikana Uganda safari hii ilikuwa dola milioni 14.6.

Hisa za Tullow ziliwahi kuuzwa Accra pia, tangu mwaka 2011, hata mwalimu wa Ghana aliweza kununua chache. Soko la hisa la Kampala, lililoanza kazi mwaka 1998, halikuziona kamwe.

Februari 2023 FTSE 100 ilipita 8,000 kwa mara ya kwanza. Wakati huo visima vya Buliisa na Kikuube vilikuwa mikononi mwa Wafaransa, asilimia 56.67, na Wachina, asilimia 28.33, na matumaini yake yakipimwa katika masoko ya Paris na Hong Kong. Asilimia 15 zilizosalia ni za UNOC, kampuni ya mafuta ya taifa, ambayo hisa zake haziuzwi katika soko lolote na ambayo bei yake haisomwi jioni redioni.