Sehemu ya 5: Miaka minne, mitano, kumi

Sehemu iliyopita niliishia kwenye mtihani wa Kiingereza na usajili wa nesi anayetaka kwenda Uingereza. Leo turudi nyuma kidogo, kwa sababu ya mama mmoja aliyenikuta kliniki hapa Mtera. Mtoto wake ana miezi saba. Mume wake ni nesi mwenzetu, amepata kazi huko, wanataka kwenda wote watatu. Swali lake lilikuwa moja tu: "Nesi, wanasema baada ya miaka mitano tunapewa ukaazi wa kudumu. Ni kweli?"

Ni kweli, ndivyo ilivyokuwa kwa wengi waliotangulia. Ila hiyo mitano ina historia yake, na ukiijua hutapanga maisha ya mtoto wako kwa kushikilia namba moja.

Nesi mhamiaji si kitu kigeni kwetu. Pale Mvumi, kwenye hospitali ya Anglikana, kwa miaka mingi masista walikuwa wanatoka Australia. Walikuja na ujuzi wao, wakazalisha bibi zetu. Hakuna mzee wa Kigogo aliyewakalisha chini ya mbuyu akawapa mtihani wa maisha ya Ugogo! Leo anayeomba ukaazi Uingereza anaulizwa maswali 24 ya historia na desturi zao, na asipopata 18 anarudia.

Zamani hata wao hawakuwa hivyo. Julai 1948 walianzisha huduma ya afya ya taifa, ile tunayoisikia kama NHS. Vita vimeisha, wagonjwa wamejaa, manesi hawatoshi. Wakawatafuta wasichana kwenye makoloni yao, hasa visiwa vya Karibiani. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya uraia iliyomweka mtu wa koloni na mtu wa London kwenye uraia mmoja. Msichana wa Barbados hakuomba viza wala ukaazi, alishuka melini akaenda wodini. (Sisi Tanganyika tulikuwa nchi ya udhamini, kwa hiyo uraia huo haukutuhusu.)

Hapo kuna jambo linaloniuma kama nesi. Wengi wa wasichana wale waliingizwa kwenye kozi fupi ya miaka miwili badala ya ile ya mitatu, mara nyingi bila kuelezwa tofauti. Cheti cha kozi fupi hakikuwapandisha cheo, na wengine waliporudi kwao hakikutambuliwa. Mlango ulikuwa wazi, lakini ulikuwa mlango wa jikoni.

Kisha ukaanza kufungwa. Julai 1962, haijatimia hata miezi saba tangu tupate Uhuru, ilianza sheria ya kuwadhibiti wahamiaji wa Jumuiya ya Madola. Sasa ulihitaji vocha. Kulikuwa na vocha ya aliyekwishapata mwajiri, vocha ya mwenye ujuzi unaotakiwa, na vocha ya wengine wote. Hii viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi mnayoniuliza kila siku ni mjukuu wa vocha zile. Mwaka 1968 walikazwa hata waliokuwa na pasipoti za Uingereza mkononi: Wahindi wa Kenya walipoanza kuondoka kwa wingi, Bunge la London lilipitisha sheria kwa siku chache tu, na wengi wakajikuta na pasipoti ya nchi isiyowapokea.

Tangu Januari 1973 mfumo ukawa wa kibali cha kazi. Unaingia kwa muda, unafanya kazi miaka minne, halafu unaomba kukaa moja kwa moja. Ndiyo, minne.

Aprili 2006 wakaifanya mitano. Na haikuwahusu wageni wapya peke yao. Mtu aliyebakiza miezi miwili amalize minne yake aliamka na kuambiwa ongeza mwaka. Wataalamu walioingia kwa mpango maalumu wa watu wenye ujuzi wa juu walikwenda mahakamani, na mwaka 2009 wakashinda: mahakama ilisema walioahidiwa minne wapewe minne. Wengine walimalizia mitano yao kimyakimya.

Mama wa Mtera atanielewa haraka. Bwawa likipungua maji, watu wanalima kwenye ardhi iliyoachwa, na mahindi yanastawi kwelikweli. Maji yakirudi hayaulizi mahindi yamefikia wapi.

Mwaka 2016 ukaja mpaka wa mshahara: anayetaka ukaazi awe anapata angalau pauni 35,000 kwa mwaka. Manesi waliponea chupuchupu kwa sababu miezi michache kabla waliingizwa kwenye orodha ya kazi zenye uhaba. Mwaka 2020 ikaja viza ya afya na huduma, na 2022 ikafunguliwa kwa walezi wa wazee. Watu wakauza mashamba. Kufikia Machi 2024 mlezi aliyeomba upya hakuruhusiwa tena kuja na mume, mke wala mtoto. Julai 2025 mlango ukafungwa kabisa kwa walezi wapya kutoka nje. Nesi aliyesajiliwa hakuguswa na hayo mawili, ndiyo maana namwambia kila mtu asichanganye nesi na mlezi. Wakala anayekwambia "ni kitu kimoja" anakudanganya.

Na mwaka 2025 serikali yao ilitangaza mpango wa kuifanya mitano iwe kumi. Kwenye mapendekezo ya Novemba, manesi na madaktari wa NHS wangebaki kwenye mitano, na walezi wangefika hata kumi na mitano. Kwa hiyo kabla hujasaini, soma kanuni ya siku ile kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza yenyewe, siyo kwenye screenshot ya mtu.

Sasa mtoto, maana ndiye aliyenileta huku. Watu wengi bado wanaamini mtoto akizaliwa Uingereza ni Mwingereza. Hilo liliisha tarehe 1 Januari 1983. Tangu hapo, mzazi mmoja lazima awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu siku mtoto anapozaliwa. Ukijifungua mwaka wa tatu wa viza, mtoto anabaki raia wa kwenu, mpaka mmoja wenu apate ukaazi ndipo mumwombee kusajiliwa. Na ada inalipwa kwa kila kichwa: Aprili 2025 maombi ya ukaazi yalifikia pauni 3,029 kwa mtu mmoja, awe baba au mtoto wa miaka minne. Watu watatu, zidisha mwenyewe.

Jingine ni siku za kuwa nje. Katika miaka ya kusubiri, anayehesabiwa asikae nje ya Uingereza zaidi ya siku 180 ndani ya miezi 12 yoyote. Ule mpango wetu wa kumrudisha mama nyumbani mwaka mzima alee mtoto kwa bibi unaweza kumvurugia mama hesabu yake.

Kuhusu mawakala, nitajibu mara moja kwa wote. Tanzania iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Kwa kanuni za Uingereza, waajiri na mawakala wao hawaruhusiwi kuja kuzoa manesi huku. Kenya walisaini makubaliano ya serikali kwa serikali mwaka 2021, sisi njia yetu ni nesi kuomba mwenyewe. Na sheria ya huko inamkataza wakala kumtoza mtu hela ya kumtafutia kazi. Anayekuitia semina hotelini na kutaka milioni mbili za "kushika nafasi", mwachie soda yake.

Yule mama nilimwambia amwombe mumewe barua ya mwajiri, waangalie kazi imeandikwa nesi au mlezi. Akapiga simu palepale, mtoto yuko mgongoni. Barua inasema nesi. Tukaanza kuhesabu ada kwenye daftari la kliniki, ukurasa wa nyuma.