Klachi Ndogo, Mzigo Mkubwa: Miaka ya Malori ya Naitro

Mwaka 1999 kampuni ya Traxxas ya Texas, Marekani, ilitoa lori dogo la kuendeshwa kwa rimoti lililoitwa T-Maxx. Lilitoka kiwandani limeshaungwa. Injini yake ilikuwa ya karibu sentimita za ujazo 2.5, ikila mchanganyiko wa methanoli, naitromethani na oili. Magurudumu yote manne yalivuta, gia mbili zilijibadilisha zenyewe na, jambo ambalo magari mengi ya aina hiyo hayakuwa nalo, rivasi ilikuwepo. Mnunuzi hakuhitaji karakana wala subira ya kufunga skrubu usiku kucha. Alijaza tangi, akawasha, akaliachia lirukie vichuguu. Siku ikafika injini inalia kwa resi za kupasua masikio na lori lenyewe linajikokota. Hapo ndipo wengi walipofungua injini kwa mara ya kwanza wakakutana na klachi.

Ni kitu cha kuenea kiganjani. Kuna flaiwili yenye pini mbili au tatu, na kila pini imeshika kiatu cha plastiki ngumu au cha aluminiamu. Springi nyembamba zinavuta viatu hivyo kuelekea ndani. Juu yake kunakaa kikombe cha chuma chenye meno ya gia kwa nje, kikielea juu ya beringi mbili zenye tundu la milimita 5. Injini ikiwa silensa, springi zinashinda na lori linasimama tuli. Resi zikipanda, viatu vinatupwa nje, vinabana ukuta wa kikombe, na kikombe kinazungusha gia kubwa iliyo jirani yake. Resi zikiongezeka mara mbili, nguvu inayovitupa viatu nje huongezeka mara nne, kwa hiyo klachi hushika kwa ghafla na si polepole. Klachi ya namna hiyohiyo imo ndani ya msumeno wa mnyororo unaoangusha miti ya paini kule Sao Hill, Mufindi. Tofauti ni kwamba msumeno hauzungushi magurudumu manne mazito.

Magari ya kwanza ya injini ndogo yaliweza kuishi bila klachi kabisa. Huko Marekani, katika miaka ya 1930 na 1940, watu walishindanisha magari yaliyofungwa kwa waya kwenye nguzo, yakizunguka duara moja kwa kasi ya kutisha. Ndugu wa Dooling wa California walijipatia jina kwa magari hayo. Gari la namna hiyo lilisukumwa kwa fimbo hadi injini ikashika, kisha likakimbia mpaka mafuta yaishe au mtu ayakate. Halikuwa na kona ya kupunguzia mwendo wala mahali pa kusimama, na injini iliweza kufungwa na ekseli moja kwa moja bila hasara.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. La kwanza ni plagi iliyobuniwa na Ray Arden, iliyoingia sokoni mwaka 1947. Waya wake wa platinamu hupashwa kwa betri wakati wa kuwasha tu. Baada ya hapo methanoli yenyewe huuweka mwekundu, na injini haihitaji tena kubeba betri na koili ya cheche. La pili ni redio. Gari likishatii mkono wa mtu aliyesimama pembeni, linatakiwa lisimame na liondoke tena injini ikiwa hai. Klachi ikawa sharti.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 karakana ndogo zilianza kuuza magari hayo. Uingereza kulikuwa na Mardave ya mji wa Leicester. Marekani kulikuwa na Associated, Delta na Thorp, nyingi zikiwa zimetokea kwenye biashara ya magari ya umeme ya kukimbia kwenye mifereji, biashara iliyokuwa imeanza kufifia. Chama cha mashindano, ROAR, kiliundwa mwaka 1967. Magari yenyewe yalikuwa bapa, ya ukubwa wa moja kwa nane, yakitumia injini isiyozidi sentimita za ujazo 3.5 kwenye lami laini. Klachi iliteleza kidogo mwanzoni mwa mbio, ikashika, na kazi yake kubwa ikaishia hapo.

Vumbi ndilo lililoichosha klachi. Mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya moja kwa nane ya ardhi mbovu yalifanyika Grenoble, Ufaransa, mwaka 1986. Kwenye udongo gari hupunguza na kuongeza mwendo kila baada ya mita chache, na kila mara klachi inaachia na kushika upya. Hata hivyo magari yale ya mbio yaliendeshwa na watu wenye meza ya ufundi, waliofungua klachi kila wikendi. Malori ya aina ya T-Maxx yalipokuja, kazi ileile iliangukia mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kushika bisibisi ndogo, tena lori likiwa na kilo nne hivi na matairi mapana yanayong'ang'ania ardhi.

Kisha yakaja mashindano ya ukubwa wa injini. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 kampuni ya HPI ilileta lori la Savage lenye injini ya sentimita za ujazo 3.5. Traxxas ilijibu kwa Revo mwaka 2004, na baadaye injini zake zikapanda hadi 3.3. Wenye malori ya zamani nao wakaanza kupachika injini kubwa kwenye chesi zisizotengenezwa kuzibeba. Klachi zikaungua, viatu vikanunuliwa, klachi zikaungua tena. Wengi waliamini wameuziwa viatu vibovu.

Mara nyingi viatu havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye gia. Tuseme kikombe kina meno 20 na gia kubwa ina meno 72: kikombe huzunguka mara 3.6 ili gia kubwa izunguke mara moja. Mwenye lori akitaka kasi zaidi hufunga kikombe cha meno 22, na uwiano hushuka hadi 3.27. Kasi ya juu inaongezeka kweli, lakini kila anapoondoka injini inainua mzigo mzito zaidi kwa kila mzunguko, viatu vinateleza kwa muda mrefu zaidi kabla ya kushika, na utelezi wote huo ni joto. Matairi yalikuwa na ujanja wao. Aliyefunga matairi yenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 10 alikuwa amepandisha gia kwa asilimia 10 bila kugusa jino hata moja, na ndiye aliyeshangaa zaidi klachi ilipoisha.

Polepole watu walijifunza kusoma dalili, na elimu hiyo inastahili heshima kwa sababu ilipatikana kwa kuharibu vitu na kuvitazama kwa makini. Kikombe kilichogeuka bluu kwa ndani kinasema klachi imeteleza hadi chuma kikababuka. Viatu vinavyong'aa kama kioo vimepoteza msuguano, na msasa mwepesi huvirudisha kazini kwa muda. Viatu vilivyolowa oili ni habari nyingine kabisa: injini inavuja kwenye beringi yake ya mbele, na kubadilisha viatu peke yake ni kupoteza pesa. Lori linaloinuliwa juu ya kisimamio na magurudumu yakaendelea kuzunguka injini ikiwa silensa lina moja kati ya matatu: silensa iko juu mno, springi imekatika, au beringi za kikombe zimekauka na kushikamana. Springi ikikatika kuna dalili ya pili iliyo wazi, kwani injini huzima kila dereva anapopiga breki.

Beringi zile ndogo ndizo zilizosahauliwa kuliko vyote. Zinakaa karibu na joto la viatu, zinakula vumbi, na zikivunjika kikombe kinayumba na kulinyoa jino la gia kubwa, ambayo mara nyingi ni ya plastiki. Waliozoea walizibadilisha kabla hazijalia. Nafasi kati ya meno waliipima kwa kipande cha karatasi: kinawekwa katikati ya gia mbili, injini inasukumwa mpaka ibane, skrubu zinakazwa, kisha karatasi inatolewa. Ikitoka imekunjwa bila kuchanika, kazi ni nzuri. Walijua pia kwamba viatu vya aluminiamu vikigeuzwa vifuate pini badala ya kuitangulia, hushika kwa upole zaidi, na lori zito huondoka bila mshtuko wa kuvunja giaboksi.

Enzi hiyo ilipungua kwa sababu nzuri kabisa. Mota za umeme zisizo na brashi na betri za lithiamu polima ziliingia kwenye malori haya kwa nguvu, na ilipofika 2009 HPI ilikuwa inauza Savage Flux, lori lenye umbo lilelile, lisilo na plagi, tangi wala klachi ya viatu. Mota ya umeme huanza kuvuta kutoka sifuri, kwa hiyo ile kazi ya kuachia na kushika haina haja tena. Watu waliotaka kuendesha tu walihamia huko, na walikuwa na haki.

Naitro imebaki na nguvu zaidi kwenye mbio za moja kwa nane za ardhi mbovu. Fainali ya dunia huchukua saa nzima, na tangi haliruhusiwi kuzidi sentimita za ujazo 125, kwa hiyo gari huingia kuongezwa mafuta kila baada ya dakika chache. Fundi anayeandaa gari kwa fainali hiyo bado anakaa chini na klachi mkononi, akichagua viatu vinne au vitatu, aluminiamu au nyuzi za kaboni, na springi nene au nyembamba, kulingana na udongo wa siku hiyo na urefu wa gia aliyoifunga.